Sala Iliyoingia Kwenye Diski ya Watoto

Jumatano, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu membamba, yale ambayo huoni aibu kutembea ndani yake mpaka ufike umelowa chapachapa.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni anasema mtu mzima anayejifunza kuandika aanze na tarehe na hali ya hewa, kwa sababu hayo mawili hayana ubishi. Ubishi huanza baadaye. Basi yasiyo na ubishi nimeyaweka. Katika hayo mengine, Ee Mola, nishike mkono.

Wiki iliyopita niliwaeleza, wasomaji wangu, jinsi nilivyotoka kwenye cherehani nikaingia kwenye maikrofoni. Mimi ni mshonaji wa mavazi katika studio inayotengeneza diski za familia: katuni za watoto, na opera za watoto. Opera ni hadithi inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Hata anayeomba chumvi huiomba kwa wimbo. Mwimbaji wetu wa sauti nzito aliugua koo, bosi akanisikia nikiimba nikishona, na kabla sijakata uzi nikawa Mama Kobe katika opera iitwayo Kobe Dereva. Humo Baba Kobe huendesha gari linalopeleka watoto wa wanyama shuleni, na mkewe hubaki nyumbani na wasiwasi.

Niliwaeleza pia mzigo wangu. Mume wangu wa kweli naye ni dereva wa gari la shule. Na jicho lake la kushoto halioni.

Hakuniambia. Niligundua mwenyewe, mezani, juu ya kitabu changu cha kusomea. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia, akinionyesha neno kwa kidole nami nalisoma. Kidole kikaanza kutua kando. Nasoma neno lililoguswa, ananikemea: "Umeruka, mke wangu! Soma vizuri!" Nilidhani mimi ndiye mjinga.

Mpaka jioni moja alipomimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina.

Nikampungia mkono upande wa kushoto. Hakupepesa.

Hatukusema. Yeye ananificha jicho, mimi namficha kwamba najua. Nyumba ndogo, siri mbili.

Niliyekuwa nikimwambia ni Mungu tu. Na lipo jambo la pili, ambalo nilimwambia Mungu kwa kunong'ona zaidi. Nilikwenda kwa mhudumu wa macho nikajifanya namuulizia jirani. Akaniambia: "Kama ni presha ya macho, likizima moja, la pili hufuata. Lakini akiwahi, la pili linaokoka. Mlete huyo jirani upesi."

Huyo jirani alikuwa anakoroma kando yangu kila usiku, na sikumleta.

*

Sasa, asubuhi hiyo ya manyunyu.

"Panda, bibie," mume wangu alisema. "Nikishawachukua watoto nitakushusha studio. Msanii mkubwa hatembei kwenye tope."

Nikapanda mbele, kiti cha kushoto. Upande asioona. Nimekaa kiti hicho mara nyingi nikimtazama kama ninavyotaka, na yeye hajui kama anatazamwa.

Diski ilikuwa imetoka Jumamosi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona, maana deki yetu ilikufa zamani. Lakini watoto walikuwa wameiona. Mnawajua watoto: mtu mzima huangalia diski mara moja akaiweka, mtoto huiangalia mpaka aijue kuliko walioitengeneza.

"Mama Kobe! Mama Kobe yumo!"

Aliyepiga kelele ni binti mmoja tuliyemwita Kibogoyo, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yamehama yote kwa pamoja. Yeye ndiye mkuu wa gari. Akisema imbeni, wanaimba.

"Imbeni!" akasema.

Wakaimba opera tangu mwanzo, sauti nene na nyembamba, mpaka ngoma wakazipiga kwa midomo. Moyo wangu ulijaa. Nilimshukuru Mungu kimyakimya kwamba mikono hii ya sindano imefika kwenye vinywa vya watoto.

Kisha wakanyamaza kidogo, wote kwa pamoja, kama katika opera. Nikangoja wimbo wa Mama Kobe.

Haukuja wimbo. Ilikuja sala.

"Ee Mola," walisema kwa sauti moja, wamefumba macho, "jicho lake la kushoto limezima. Amebeba watoto wa watu. Mwambie aache, mimi siwezi. Na kama hasikii, livunje gari, Mola, kabla gari halijavunja mtu!"

Wakapiga makofi. "Livunje gari! Kabla gari! Halijavunja mtu!"



Maneno yale hayakuwa katika opera. Yalikuwa yangu. Kila mara kabla ya kuimba nilifumba macho ndani ya kile chumba kidogo cha kurekodia na kusali, nikiamini maikrofoni imezimwa. Mama mkwe wangu aliwahi kunionya: "Mwanangu, sali kimoyomoyo. Anayesali kwa sauti ameacha mlango wazi." Nilidhani ananionea wivu wa dini.

Mume wangu alicheka kwanza.

"Huyo kobe naye! Jicho moja, na leseni wakampa?"

"Wakampa!" watoto wakajibu.

"Basi amemhonga trafiki!"

Wakacheka mpaka gari likatikisika. Kisha cheko lake likakatika katikati, kama uzi. Gari hilohilo lilikuwa limemharibikia mara kwa mara tangu mwezi uliopita. Alikuwa akishinda chini yake, mgongo kwenye vumbi, akiuliza ni nani aliyemloga.

"Hiyo sauti ni yako?" akaniuliza chini chini.

"Ni ya Mama Kobe."

"Sijauliza ya nani kwenye kasha la diski."

Kibogoyo akasogea, akashika mgongo wa kiti chake.

"Baba Dereva, na wewe una jicho lililozima?"

"Limezima la nani, we! Nakuona mpaka kamasi."

"Sina kamasi!"

"Basi jana ulikuwa nazo. Kaa chini."

Watoto walicheka tena, lakini yeye alikuwa ameshika usukani kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Tulifika lango la shule. Alipinda kama anavyopinda kila siku, ila leo alipinda akiwa na hasira, na hasira haipimi.

Kraa!

Kioo cha pembeni, cha kushoto, kiling'oka kwenye nguzo ya lango na kuanguka mbele ya miguu ya mwanamke aliyesimama na mwavuli. Alikuwa mama yake Kibogoyo. Ni muuza dawa. Ana duka karibu na shule, na ana macho ya mtu aliyezoea kusoma maandishi madogo.

Hakupiga kelele. Aliinama, akaokota kioo, akatazama upande gani kimetoka. Kisha akamtazama mume wangu. Kisha mimi.

*

Studio nilifika kwa miguu, nikikimbia.

Bosi wetu tumempa jina la Kimya, kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko yote. Nilimkuta anapanga makasha ya diski kwa rangi.

"Bosi, sala yangu imo kwenye diski."

"Imo, ndiyo!" Akanikumbatia. "Kipande bora kuliko vyote! Nilikisikia kwenye mashine, nywele zikanisimama. Nikaweka ngoma kwa mbali. Dada, ulikitunga lini?"

"Sikukitunga. Nilikuwa nasali."

"Ndiyo maana ni kizuri."

"Bosi, ni ya kweli."

Nilimwambia yote: jicho, gari, nguzo ya lango. Kimya akakaa juu ya boksi la diski, nalo likabonyea.

"Ulitia sahihi kuwa sauti yako ni ya studio," akasema polepole.

"Nilitia sahihi ya kuimba. Sikutia sahihi ya kusali."

"Diski ziko madukani, mama. Maji yakishamwagika..." Hakumalizia. Alifikiri, nikauona uso wake unachangamka. "Sikiliza. Ukiulizwa, sema ni maneno ya mchezo. Si yamo ndani ya mchezo? Basi. Hujasema uongo. Wewe unasalimika, mumeo anasalimika, na Kobe anasalimika."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Waliomo ndani ya gari."

Alijikuna shingo. Simu yangu ililia. Alikuwa mwalimu mkuu. Tafadhali nifike shuleni saa ya kutoka. Kuna wazazi wanataka kuuliza jambo dogo.

Jambo dogo! Nilikwenda nyuma ya rundo la mavazi ya fisi na sungura nikapiga magoti. Nawaungamia ninyi mnaosoma kila wiki: sikuomba ujasiri. Niliomba mambo yaishe bila mdomo wangu. "Ee Mola," nilisema, na safari hii nilisema kimoyomoyo, "yamalize Wewe."

*

Manyunyu yalikuwa yamekwisha nilipofika. Uwanja wa shule ulikuwa na madimbwi, na gari limeegeshwa katikati, watoto wamepanga foleni mlangoni. Wazazi wachache walisimama karibu na ngazi. Mume wangu alikuwa ameegemea boneti, funguo zikizunguka kidoleni. Kimya naye alikuja nyuma yangu, amebeba mfuko wa diski za kugawa bure. Mfanyabiashara hata msibani huangalia wangapi wamekuja.

Muuza dawa alianza. Alikuwa na kile kioo mkononi, amekifunga kwa kitambaa kisimkate mtu.

"Mwanangu anasali sala hii kabla ya kulala," alisema. "Livunje gari, Mola. Nikacheka. Nikasema diski nzuri, inafundisha watoto kusali. Leo kioo kimeanguka miguuni pangu. Sina ugomvi na mtu. Nauliza tu: ni mchezo, au si mchezo?"

"Dada yangu, ni sanaa!" Kimya akadakia. "Sanaa ikiwa nzuri hufanana na kweli. Chukua diski, hii ni zawadi, upande wa pili ina katuni."

"Ninayo."

"Ya jirani, basi."

Mume wangu akacheka. Nalijua cheko lile. Ni cheko la mtu anayefunga mlango kwa mgongo.

"Jamani, hamjui kwamba mke wangu sasa ni mwigizaji?" alisema. "Mimi nyumbani napikiwa na kobe. Chakula kinaanza kupikwa leo, tunakula keshokutwa."

Wazazi waliangua kicheko. Hata muuza dawa midomo yake ilicheza. Nikaona mabega ya watu yanashuka. Walitaka kuamini. Ni dereva wao, anajua watoto wao wote kwa majina, anawabeba mgongoni kuvuka tope. Nani anataka iwe kweli?

Mwalimu mkuu alitaka zaidi ya wote, maana hakuwa na dereva mwingine. Akanigeukia kwa tabasamu.

"Haya, mama, tumalize watoto waende nyumbani. Ni maneno ya mchezo, sivyo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Hata kuitikia kwa kichwa kungetosha.

Nilimtazama Kimya, akaniinamishia kichwa: sema. Nilimtazama mume wangu. Macho yake yalikuwa hayacheki kama mdomo wake. Yalinisihi. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuona akinisihi.

Kisha nikatazama gari. Kibogoyo alikuwa amechoka na foleni. Alikuwa ameshapanda na kukaa mbele, kiti cha kushoto. Kiti changu. Alikuwa akininyooshea mkono dirishani, anacheka bila meno.

Nikaelewa kwamba sala yangu ya nyuma ya mavazi ilikuwa imejibiwa, na jibu lilikuwa hapana. Mungu alikwisha kusema kwa vinywa vya watoto. Zamu ilikuwa yangu.

"Maneno ni ya mchezo," nilisema. "Jicho ni la mume wangu."



"Mke wangu," mume wangu alisema, taratibu sana. "Umechoka. Umeshinda kazini."

"Sijachoka, baba watoto."

"Huyu mwanamke anajifunza kusoma," aliwaambia watu. "Kila anachosoma anadhani kimeandikwa juu yake."

Hakuna aliyecheka. Muuza dawa alisogea bila kelele, kwenye tope, mpaka akasimama kushoto kwake. Akatoa pipi mfukoni, akainyoosha karibu na bega lake.

"Shika, baba," alisema kwa upole.

Mume wangu alisikia sauti, akatabasamu, akanyoosha mkono. Mkono ukashika hewa. Ukatafuta. Ukashika hewa tena.

"Hapa, Baba Dereva!" watoto wakapiga kelele, wakidhani ni mchezo. "Hapo! Karibu! Umepita!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Hawakusema kwamba anaweza kuumbuliwa na pipi.

Aliuteremsha mkono. Alipozungumza hakuzungumza na mwalimu mkuu wala wazazi.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile chai."

"Chai ipi?"

"Uliyomimina mezani. Nilisema kikombe kimepasuka."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayekumbuka. "Ulifuta haraka sana," alisema. "Ukamwambia nani?"

"Mungu."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Mimi nalala upande gani wa kitanda?"

Niliinamisha macho kwenye tope.

"Nijibu. Mimi nalala mbali? Kwenda kwa Mungu ni karibu kuliko kunigeukia?" Sauti yake ilianza kupanda. "Ningeacha! Ungeniambia, ningeacha kesho yake. Kila asubuhi nawasha gari hili nikisema, leo atasema. Leo mke wangu ataniona. Wewe unaniwekea chai, unanifungia kifungo cha shati, unaniambia nenda salama. Nenda salama! Halafu unaomba livunjike!"

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Umeuvunja pamoja na gari."

Alivua funguo kidoleni. Alimtafuta mwalimu mkuu kwa kugeuza kichwa chote, sasa hakujificha tena, akaziweka kiganjani mwake.

"Watoto wako hawa. Siwashi tena," alisema. "Mniwie radhi, wazazi. Hakuna niliyemgusa. Mungu alisaidia." Akanitazama. "Maana aliombwa sana."

"Baba Dereva, unakwenda wapi?" Kibogoyo aliuliza dirishani.

"Kupumzisha jicho, mama."

Akaanza kutembea kuelekea lango. Nilimkimbilia. Penye dimbwi mguu wake wa kushoto uliteleza, nikamshika kiwiko. Akaung'oa mkono wake.

"Usiniguse. Kaa na huyo unayemwambia mambo yangu. Mimi nakwenda kwa kaka yangu."

"Lipo jambo jingine. Lazima ulisikie."

"Nitalisikia kwenye diski ijayo."

Akapita. Nilibaki kwenye tope, na yale maneno ya mhudumu wa macho yakinipiga kifuani: la pili hufuata, akiwahi linaokoka. Mume wangu anakwenda zake na jicho moja zima, na mwenye habari ya jicho hilo ni mimi. Kama nikinyamaza tena kwa kuona haya, nitakuwa nimemzima mara ya pili.

Nilirudi kwenye gari. Nikapanda ngazi yake, ile ya watoto, ili nionekane. Wazazi walinitazama. Mwalimu mkuu alikuwa bado ameshika funguo kama mtu aliyepewa kaa la moto. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa kimya.

Nilikuwa sijapata kuinua sauti hadharani nje ya kile chumba cha kurekodia. Lakini nilikumbuka jinsi bosi alivyonifundisha: vuta pumzi tumboni, simama kwa miguu miwili, tuma sauti mpaka mtu wa mwisho.

"Baba watoto!"

Alisimama langoni, karibu na ile nguzo. Hakugeuka.

"Mbele ya watoto hawa," nilisema, "na wazazi wao, na mwalimu wao: sitamwambia Mungu neno lolote juu yako tena kabla sijakuambia wewe. Na hili lililobaki ni la jicho lako la kulia. Nitakuambia leo, kabla jua halijazama, nikiwa nimekuangalia usoni. Ukifunga mlango wa kaka yako, nitasema nikiwa nje ya mlango, kwa sauti hii hii, mpaka usikie. Naahidi!"